Ndama Mteremkoni

Tangu Pasaka manowari ndogo ya Wadenmark, jina lake Ternen, ilikuwa imetia nanga mbele ya kisiwa, mizinga yake miwili ikielekea ng'ambo walikokuwa adui zao Waprusi. Jeppe alikuwa ndani yake, akitia makaa tanuruni. Kutoka dirishani mkewe Bodil aliuona moshi wa makaa anayoyatupa mumewe, lakini baharia haruhusiwi kushuka, wala mtu wa pwani haruhusiwi kuisogelea. Karibu kama pua na mdomo, na hafikiki.

Jeppe alichukuliwa vitani Bodil akiwa mjamzito. Walikwisha kuzika watoto wawili. Sasa wa tatu amezaliwa, msichana, ananyonya kwa nguvu, na baba yake hajui. Ilisemekana manowari itaondoka wakati wowote kwenda kupigana. Bodil alimwomba Mungu jambo moja tu: Jeppe asiende huku akidhani wamezika tena.

Mwenyewe hakuweza kutoka. Kule mzazi hakanyagi nje mpaka kasisi ampokee kanisani. Kwa hiyo mama mkwe wake, Sidsel, akaanika nepi kwenye ua unaotazama bahari, ili Jeppe azione. Hazijakauka, sajini wa ulinzi akafika.

"Zianue, mama. Luteni amekataza nguo upande wa bahari. Zinaweza kuwa ishara kwa adui."

"Ishara gani, Rasmus? Zako nilizianika mimi hapa hapa, mama yako alipokuwa hajiwezi. Hakuna adui aliyekuja."

Rasmus akacheka kwa haya, lakini hakuondoka mpaka ya mwisho ikaanuliwa.

Bodil alilia kidogo, akafuta macho. Akamwona ng'ombe wao mwekundu aliyefungwa kwa kamba mteremkoni kuelekea bahari, ndama wake akiwa zizini.

"Mama, mfunge ndama pale na mama yake."

"Una homa wewe? Atamaliza maziwa yote. Siagi tutaitoa wapi?"

Kisiwani ndama hutengwa siku ile ile anapozaliwa. Hata mpumbavu hamwachi na mama yake malishoni.

"Jeppe amekua na ng'ombe," Bodil akasema. "Akimwona ndama ananyonya pale, atajiuliza nyumba yetu imeingiwa na wazimu gani. Akishajiuliza, atajua wa kwetu naye ananyonya."

Sidsel alivaa viatu vyake vya mti, akatoka.

Rasmus alipopita tena alisimama. Akamtazama ndama, akatazama bahari, akajikuna shingo.

"Luteni hakusema kitu kuhusu ng'ombe," akasema, akaenda zake.

Jumapili asubuhi moshi ulipanda mzito, nanga ikang'olewa. Bodil alisimama dirishani na mtoto kifuani. Kwenye kamba ya manowari palining'inia kitambaa kimoja, peke yake, cha miraba ya manjano. Ndicho alichomfungia Jeppe mkate siku ile alipoondoka. Na hakuna Mkristo wa kule anayeanika nguo Jumapili.

Bodil akamgeuza mtoto uso kuelekea baharini, ingawa macho yake yalikuwa bado hayajui mbali. Kitambaa kilipepea mpaka manowari ikazunguka rasi.

Sidsel akaingia, ananuka zizi. "Ameona. Sasa nimtenge ndama?"

"Mwache anyonye, mama. Leo tu."

Sidsel akaketi kando yake. Wakautazama moshi mpaka ikabaki mbingu tupu.