Moto Uliolindwa Mno

Mwenye binti wa kuolewa mbali na asikie habari ya Ilavati, maana yeye hakuuzima moto kwa uvivu. Aliuzima kwa mapenzi.

Moto ule alipewa na mama yake siku ya harusi, kule ukingoni mwa Saraswati, mto ulipokuwa ungali mto. Wakati huo maji yalimfika fahali tumboni, na wanawake walioteka asubuhi walimsifia Alfajiri, mungu wa mapambazuko, kwa nyimbo, kama mtu anavyomsifia wifi aliyevaa akapendeza. Kisha mchanga ukaanza kuyanywa maji. Watu wakafungasha, wakahama kufuata mawio ya jua. Ilavati, bibi harusi wa juzi, alikaa nyuma ya gari la ng'ombe na chungu cha makaa mapajani, akakipepea njia nzima hata nguo yake ikatobokatoboka kwa cheche. Mto haukuhamika. Nyimbo zilikuja vichwani mwa watu, na moto ukaja chunguni. Alikuwa pia na kibuyu cha mtindi wa mama yake kiunoni, lakini hicho hakukihesabu. Mtindi ni chakula tu.

Sasa binti yake wa pekee, Charumati, alikuwa anaolewa kwa watu wa mto Ganga, na moto wa harusi ungewashwa kutoka jiko lile, uende naye. Hapo ndipo usingizi ulipomhama mama. Agni, huyo moto, ni mgeni wa kila nyumba na mdomo wa miungu: akitiwa samli yeye, wanashiba wao. Ndiye shahidi wa ndoa. Na siku ya mwisho ndiye ambebaye marehemu hadi kwa mababu. Agni aliyemwona Charu akitambaa hatampotezea njia. Je, Agni wa ugenini? Si atamuuliza, wewe ni binti wa nani?

Basi juma zima la harusi akawa haondoki jikoni. Akienda kusaga shayiri, anautilia moto bonge la samadi kavu, ndizo kuni zao. Akirudi, anaweka jingine. Kumudi, dada wa mumewe, alimtazama akashindwa kunyamaza.

"Wifi, utamvimbisha tumbo Agni huyo, gari la ng'ombe limshinde."

Ilavati akamwambia aliyezaa wana wa kiume watupu hawezi kujua kitu.

Usiku wa kuamkia harusi manyunyu yasiyo ya msimu yakadondoka paani. Ilavati akaogopa. Akashindilia samadi, nyingine ina unyevu, akamwaga samli, akafukia kwa majivu, na juu akafunika kigae ili tone lisipenye. Akaenda kumpaka binti manjano, roho yake imetulia.

Jua lilipochomoza, mumewe Vasuman akaja na upawa wa maziwa ya sadaka ya asubuhi. Akafunua kigae. Hapakuwa na moshi. Akachokoa kwa kijiti mpaka chini. Baridi.

Hakugomba. Alisema moto haufi, hulala ndani ya mti, akatoa ulindi, kibao chake na kamba ya kuuzungushia, apekeche mwingine. Ilavati akakalia kile kibao. Akasema huo utakuwa moto wowote tu. Kuna binamu yake, mwendo wa siku mbili, aliyechota makaa jiko hilihili, aendewe. Kumudi akamkumbusha kwamba watu wa bwana harusi wanaoga kivukoni, na nyota waliyoichagua iwe saa ya ndoa haitangoja binamu ya mtu. Wakiondoka leo, hawarudi. Ilavati akasema na waondoke.

Charumati akatokea mlangoni, mikono njano hadi viwikoni. Alikuwa amesikia yote. Hakumwendea mama yake. Alikwenda kwenye chungu cha mtindi pembeni, akachovya kidole.

"Mama, mtindi huu wa nani?"

"Wa bibi yako. Hujui?"

"Bibi alimkamua huyu ng'ombe wetu mwekundu?"

"Usinichezee. Bibi yako kafa huyu ng'ombe hajazaliwa."

"Na chungu?"

"Charu, vyungu vimevunjika hata sivijui idadi."

"Maziwa ya jana, chungu cha juzi, na bado ni mtindi wa bibi. Moto ndio unaunyima jina la bibi?"

Vasuman akasema taratibu kwamba wale wanaokaa msituni kutafakari siku hizi wanasema hata roho huenda hivyohivyo, chungu hadi chungu, na kama ilitunzwa vibaya, uchachu wake huenda nayo.

Mama akainuka kutoka juu ya kibao. Akapiga magoti akakishika mwenyewe, mumewe akavuta kamba, ulindi ukazunguka ukilia. Kwanza ilitoka harufu ya mti ulioungua, harufu ileile ya nguo za mama yake kule Saraswati, ambayo hakujua kwamba alikuwa ameisahau. Kisha moshi. Charumati akasogeza nyasi kavu, zikashika. Ilavati akajifuta macho, akasingizia moshi.

Bwana na bibi harusi wakauzunguka moto ule, wakaozwa. Jioni gari likaondoka na chungu cha makaa mapajani mwa Charumati. Mama akatembea kando yake hadi kivukoni akiusia: usiulaze njaa, usiupe kuni mbichi, usiuache na mtoto. Mkononi ana bonge la samadi, akaunyosha mkono alitie chunguni mara ya mwisho.

"Kaa nalo, mama," Charumati akasema. "Uache upumue."

Ng'ombe wakaingia majini. Ilavati alisimama mpaka ule moshi mwembamba ukachanganyika na ukungu wa ng'ambo, akarudi nyumbani na bonge lake. Jiko lilikuwa linawaka kidogo, vizuri tu, halitaki kitu. Akachutama mbele yake. Akalitazama bonge, akalitazama jiko.

Akalivunja, akatia nusu.