Kidole Gumba Upande wa Nje

Mama Brashi alikuwa na miaka sabini na moja, na magoti yake siku hizo yalikuwa hayasikii la mwadhini wala la mteka maji msikitini. Hata hivyo alipanda ngazi ya mafundi mpaka juu, akakaa kwenye ubao, uso kwa uso na ukuta.

"Shangazi, ungengoja nikushike," alisema binti wa kaka yake kutoka chini.

"Unishike, nimekuwa mtungi?"

Ukumbi ulikuwa mtupu, viti vimefunikwa plastiki. Ukuta mzima ulikuwa picha ya siku ya uhuru: mkulima, muuguzi, askari, na katikati mwanamke anayepokea bendera. Watu arobaini na mmoja, wote wamenyosha mkono wa kulia, na wote kidole gumba kimekaa upande wa nje, mahali ambapo Mungu hakukiweka.

Picha ilijulikana kuwa ni ya marehemu mumewe. Nyuso zilikuwa zake kweli, na kwa nyuso hakuwa na mpinzani. Mikono ndiyo iliyomshinda. Alikuwa akiichora inatoka vichane vya ndizi. Kwa hiyo aliacha mikono ya mashati mitupu, na mkewe akaijaza. Mwaka wa kuichora walipewa wiki tatu tu. Mama Brashi alishika brashi kwa mkono wa kulia, akautazama wa kushoto, akaunakili mara arobaini na moja kwenye mikono ya kulia ya watu wa ukutani. Haraka haina baraka. Siku ya uzinduzi mwandishi wa gazeti akauliza mbona vidole gumba viko nje, na mumewe, mtu asiyekosa la kusema hata usingizini, akajibu, "Mkono wetu umekataa kukaa ulivyowekwa."

Maneno hayo yaliingia gazetini, yakaingia vitabu vya shule, yakampandisha mzee ndege kwenda kuyaeleza nchi za watu. Mama Brashi alibaki nyumbani akiosha brashi. Kila alipomwomba mumewe aseme ukweli, alijibiwa, "Tutasema, mke wangu, ngoja mambo yatulie." Mambo hayakutulia. Aliyetulia ni yeye, kaburini, mwaka wa sita sasa.

Ndipo unyevu ukaula mkono wa yule mwanamke wa katikati mpaka saruji ikaonekana. Kazi ya kuurudisha ilimwangukia binti wa kaka, kwa mkataba uliosema wazi kwamba kila kitu kifuate picha ya zamani, la sivyo kazi atapewa mwingine. Mama Brashi alimwomba jambo moja: amwachie mkono huo auchore sawasawa. Alitaka mkono mmoja usio na kosa, ujulikane ni wake, kabla hajafa. Binti alikosa usingizi siku mbili, kisha akakubali. Damu nzito kuliko maji.

Mchoro wa mkaa ulikuwa umekamilika, gumba ndani, pale katibu wa kamati ya ukarabati alipoingia. Alikuwa mtu wa makamo, mpole, viatu vinang'aa.

"Fundi, hicho kidole gumba kimekaa vibaya."

Binti akatazama sakafu.

"Humu ndani ndicho pekee kilichokaa vizuri," alisema Mama Brashi.

"Mama, mkono huo ni wa taifa."

"Taifa halijaniosha brashi hata moja. Mkono ni wangu. Mume wangu hakujua mikono. Nilinakili mkono wangu wa kushoto kwa haraka, nikakosea. Yale ya gazetini aliyatunga amesimama pale mlangoni."

Katibu akakaa juu ya plastiki. Akavua koti, akakunja mkono wa kulia wa shati. Mfupa ulikuwa umeunga vibaya chini ya kiwiko, na kiganja kimegeuka.

"Tulikuwa wanafunzi," alisema. "Uchaguzi ulikuwa umeahirishwa mara ya tatu. Mabango yalipigwa marufuku, basi tukaenda mikono mitupu, tumeinyosha na kuipindua, gumba nje, kama hawa wa ukutani. Kila mtu alielewa. Askari nao walielewa. Wenzangu wawili hawakurudi."

"Sasa unaniambia mlikosea," katibu aliendelea.

"Tulikosea, mwanangu."

"Sawa. Sisi hatukukosea."

Hasira ilimpanda Mama Brashi, lakini haikuwa ya mtu huyu. Alimkasirikia marehemu, aliyeishi kwa maneno hayo bila kuvunjika hata ukucha. Tena aliona wivu. Alikuja kuchukua kitu chake, akakuta wengine wameshakilipia.

"Kwenye kibao cha mlangoni mmeandika jina la nani?" aliuliza.

"La marehemu."

"Ongezeni langu. Aliyechora mikono."

"Hilo linahitaji kikao cha kamati."

"Kiitishe."

"Nitakiitisha. Lakini kidole gumba?"

Mama Brashi aliomba kitambaa, akafuta mkaa wote. Binti alimtazama kwa huruma. "Shangazi, umeusubiri mkono huu miaka arobaini."

"Sijauacha." Akamgeukia katibu. "Wewe, nyosha huo mkono. Ule mbovu. Nyosha kama siku ile."

Akaunyosha. Ulikuwa mkono wa kulia, wa mtu hai, na gumba lilikuwa nje.

"Panda huku," alisema Mama Brashi.

Katibu alivua viatu vyake vinavyong'aa, akapanda na soksi, akakaa kwenye ubao, mkono mbele. Baada ya dakika chache ukaanza kutetemeka.

"Unauma?"

"Nikiunyosha muda mrefu."

"Basi utauma," alisema Mama Brashi, akachovya brashi, akaanza na kidole gumba.