Rangi ya Mwanapili

Kaseti ilitoka Maskati pamoja na amplifaya ndogo ya gari ya kukuzia sauti, imeviringishwa ndani ya kanzu kuukuu, na kwa wiki tatu watu walikuwa wakimwendea Bi Ibtisam kumweleza yaliyomo. Talal hajambo. Talal kapandishwa kazini. Talal anakusalimu sana. Bibi alisikiliza, kiganja nyuma ya sikio, kisha akawaambia, "Hizo mnazonipa habari. Mie nataka sauti ya mwanangu."

Masikio ndiyo yaliyomwangusha. Redio kaseti yake ya mawe ya betri, hata ukiifungua mpaka mwisho, kwake ilikuwa nzi ndani ya chupa. Na umeme wa Bububu mwaka ule wa tisini na moja usiuseme. Wakubwa huutumia wao kwanza, na kinachobaki kikifika kwa wanyonge hufika kimechoka.

Basi Ijumaa, watu washatoka msikitini, mkwewe Zahor akaja na gari lake la Peujo, akalisogeza mpaka ubavuni mwa baraza.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Leo n'tamsikia?"

"Leo utamsikia, inshallah."

Alisema hivyo, na Zahor si mtu wa kuahidi. Alikwisha ahidiwa mengi yeye mwenyewe. Aliendesha lori la watu wakubwa miaka kumi na tisa, akaachishwa kwa barua ambayo ilibidi asomewe. Mkewe Mwanapili, binti wa Bi Ibtisam, alilala hospitalini siku kumi na mbili akingoja dawa iliyosemwa iko njiani. Mpaka leo iko njiani. Tangu hapo, Zahor akiona gari jipya la mkubwa linapita hugeuka akatazama ukuta.

Shamsi, jirani mtengeneza redio, alikuja kusimamia, maana mikono ya Zahor ilijua gari lakini haikujua amplifaya. Wakafungua boneti. Waya mnene wa moto, ule wa kuleta umeme, wakautoa kwenye betri.

"Fyuzi ikae hapa hapa, karibu na betri," Shamsi akasema. "Waya ukichubuka huko ndani, ife fyuzi, lisiungue gari."

"Nlikuwa nshalijua hilo."

"Ulikuwa unalijua, mbona umeishika fyuzi kama tende?"

Waya ukapitishwa kwenye tundu la bati, ukavishwa raba usikatwe na makali, ukafika chini ya kiti cha abiria ilipolazwa amplifaya. Wa pili, mwembamba, ukatoka kwenye redio ya gari. Huo kazi yake kuiamsha. Ukabaki wa tatu, wa kurudisha umeme kwenye bodi. Zahor akaukaza kwenye skrubu ya sakafuni kwa mkono wake, akakataa kusaidiwa.

Redio ikafunguliwa. Kitaa chekundu cha amplifaya kikakonyeza mara moja, kikafa. Bi Ibtisam, aliyekwisha vuta kigoda mpaka mlangoni mwa gari, akauliza, "Kasema nini?"

"Bado, mama."

Shamsi akainama akachungulia. "Mzee Zahor, umekazia juu ya rangi. Rangi haipitishi umeme. Kwangua pafike chuma."

"Skrubu itajing'atia yenyewe."

"Iing'ate nini? Rangi imepakwa mikono mitatu hii."

"Tafuta pengine."

"Pengine wapi? Sakafu nzima ndivyo ilivyo."

Kweli ndivyo ilivyokuwa. Mwaka wa themanini na tano chumvi ya pwani ilikuwa inalila gari lile, na madukani rangi ya magari hakuna; walioipata waliipata kwa vimemo vya wakubwa. Mwanapili akachukua rangi ya buluu iliyobaki kwenye milango ya nyumba, akapiga magoti, akaipaka sakafu yote kwa brashi ya kupakia chokaa. Nywele za brashi zimeganda mle mpaka leo. Zahor haruhusu mtu apandishe kiatu kichafu.

"Nitavuta waya mpaka kwenye betri," akasema.

"Waya umekwisha, na duka limefungwa."

"Basi kesho."

Bi Ibtisam hakuyasikia maneno, lakini alimwona mkwewe amefunika ile skrubu kwa kiganja, akafahamu. Hakuwa mwanamke wa kuzunguka.

"Zahor, mwanangu. Yeye nshamzika, na wewe ulikuwepo. Huyu wa Maskati yu hai, na mimi sijui kesho n'taamka na sikio lipi. Kwangua, baba. Rangi hiyo, si ngozi yake."

Zahor akaondoa kiganja. Kisha akaomba msasa.

Alikwangua polepole, mahala pa ukubwa wa shilingi tu, akipuliza vumbi la buluu. Chuma kikatokea, cheupe, kinang'aa. Hata doa la kutu hamna. Miaka sita ya bahari, na pale chini palikuwa kama pametoka kiwandani jana.

Shamsi akapiga mluzi mdogo. "Aliyepaka hapa kazi aliijua."

"Hakusomea," Zahor akasema. "Wanaosomea ndio wanaotuuzia mabati yenye kutu."

Akakaza skrubu. Kitaa kikawaka, kikakaa. Kaseti ikatiwa redioni, kukasikika mkwaruzo, mtu akasafisha koo, halafu spika mbili za gari zikatoa sauti iliyowarusha kuku wa nyumba ya pili:

"Mama!"

"Naam, baba," akajibu Bi Ibtisam.

"Hujambo, mama? Miguu yako vipi?"

"Miguu mibovu, Talal. Wewe unakula?"

Aliijibu kaseti neno kwa neno, na pale Talal alipovuta pumzi, bibi alipata nafasi ya kumgombeza. Majirani walikusanyika upenuni, hakuna aliyecheka. Upande wa kwanza ulipokaribia kwisha, Zahor akawasha gari ili betri isife.

"Zima hilo!" bibi akamwambia. "Linamkatiza."

"Betri itakufa, mama. Ntarudi mjini na nini?"

"Ikifa mtasukuma. Wanaume mmejaa hapa. Geuza upande wa pili."

Zahor akazima gari, akageuza kaseti, akakaa kwenye ile sakafu ya buluu, miguu nje, huku akitabasamu peke yake.