Meno Kwenye Waya wa Plagi

Gari la Mwalimu Häberle nililisikia kabla sijaliona. Lilipanda kutoka mtoni likikohoa, likivuta na kuacha, nikaweka mkate wangu wa brezeli chini na kumwambia Roswitha, mpeleka barua wetu, aliyekuwa amekuja kuchukua pikipiki yake: "Usiondoke kwanza. Sarakasi imefika."

Simpendi mtu anayekuja gereji na faili. Edwin Häberle alifundisha Kilatini miaka thelathini na nane. Mimi pia alinifundisha, au tuseme alijaribu, na tangu astaafu amegeuka bingwa wa injini. Anasoma mtandaoni, anachapisha, anazipanga karatasi kwa rangi. Mwezi wa saba alisema ni plagi, nikabadilisha plagi. Mwezi wa nane akasema ni waya za plagi. Nikabadilisha waya, za zamani nikazitupa bila kuzitazama, maana nilichotaka ni aondoke. Sasa ulikuwa mwezi wa kumi na gari linamisi vilevile, silinda moja haiwaki.

"Anton, nalihitaji kabla ya saa kumi na mbili jioni," alisema, hata salamu hakuimaliza. "Leo hii. Tafadhali."

"Una miadi na waziri?"

"Kuna mahali lazima niwepo giza likiingia. Kila siku. Jana lilizimika mara mbili mlimani, nikadhani sitafika."

"Mahali gani?"

Akafungua faili. "Nadhani ni koili," akasema.

Mgane wa miaka sabini na mmoja, hana kuku wala paka, na jioni ana haraka utadhani nyumba inaungua. Nikafungua boneti. Mashine ya kupima ikasema ni silinda ya tatu, jambo ambalo masikio yangu yalikuwa yameshaniambia. Koili, ile inayozalisha umeme wa plagi, nikaipima mbele yake, ikawa nzima, nikamrudishia karatasi yake bila kuisoma. Kisha nikazima taa za gereji, nikachukua chupa ya kunyunyizia maua na kuzirushia waya maji huku injini ikinguruma. Hapo ugonjwa ukajionyesha: cheche nyembamba ya samawati ikaruka kutoka kwenye waya wa tatu hadi kwenye chuma. Umeme uliotakiwa kufika kwenye plagi ulikuwa unavuja njiani.

Nikazima injini, nikamulika tochi. Matundu manne madogo kwenye mpira, mawili juu, mawili chini.

"Marda," nikasema.

Huku kwetu kila mtu anamjua marda: mnyama mwembamba kama nguchiro, kifua cheupe, usiku hupanda ndani ya injini kufuata joto. Lakini kuna jambo ambalo mafundi tunalijua na walimu wa Kilatini hawalijui. Marda akiwa kwenye eneo lake hana ugomvi na gari. Hulala juu ya injini, huacha harufu yake, huenda zake. Anayeng'ata ni yule wa eneo jingine, anayenusa harufu ya dume mwenzake na kupandwa na wazimu. Gari linalolala mahali pamoja haling'atwi waya mpya ndani ya miezi miwili.

Ningeweza kumwambia hayo kwa sauti ndogo. Lakini nilikuwa na mtazamaji, na zile maksi alizonipa miaka ile zilikuwa bado zimenikaa kooni.

"Roswitha, sogea usikie! Gari hili lina vitanda viwili. Leo linalala kwa mwalimu, kesho linalala kwingine. Mwalimu, ni nani huyo? Ana meno yake mwenyewe, au ya bandia ya kulaza kwenye glasi?"

Roswitha alicheka mpaka akashika mlango. Häberle aliiva uso hadi kwenye upara.

"Anton, nakuomba. Tengeneza tu."

"Ni mjane wa mwokaji? Au yule wa duka la dawa? Sema bwana, hapa sote watu wazima. Na Roswitha ana vijiji vitatu vya kupeleka barua kesho."

"Basi liache," alisema, akichukua koti. "Nitakwenda kwa miguu."

Ningekuwa na akili ningeishia hapo. Lakini tochi ilinionyesha kitu nyuma ya injini, kimefungwa kwa uzi. Kifuko cha nywele za mbwa! Watu wa huku, tena wenye digrii, huning'iniza nywele za mbwa ndani ya injini ili marda aogope. Marda huzifanya mto wa kulalia. Nikakikata kile kifuko, nikakiinua juu na kukitikisa mbele ya Roswitha.

"Hirizi! Na tazama, kimeshonwa kwa mkono! Bibi harusi anajua kushona!"

Nywele zilizomwagika zilikuwa nyekundu kama kutu, za kujikunja. Kitambaa kilikuwa leso ya kiume ya miraba ya samawati, na pembeni, kwa uzi mwekundu, herufi mbili: J.G. Josef Gschwend. Baba yangu ana miaka kumi na moja kaburini. Leso zake zote mama ndiye aliyezitia herufi hizo, na mbwa wa mama, Bürschle, ni mwekundu namna hiyo hiyo.

Roswitha aliacha kucheka kabla yangu. Barua za mama huzipeleka yeye. Akachukua pikipiki yake, akaisukuma hadi barabarani bila kuiwasha.

"Mama yako alianguka mwezi wa sita," Häberle akasema. "Kwenye ngazi za stoo ya chini. Alilala pale usiku kucha, mimi nilikwenda asubuhi kuchukua mayai nikamkuta. Hakuvunjika, lakini tangu siku hiyo giza likiingia anatetemeka. Usiku mwingi nalala kwake, kwenye benchi la jikoni. Hakuna zaidi ya hapo, na hata kungekuwa na jambo, lisingekuhusu."

"Nampigia simu kila Jumapili. Anasema hajambo."

"Najua. Huwa nimekaa pembeni yake."

"Kwa nini hakuniambia?"

Alilifunga faili lake taratibu, kana kwamba ndiyo kwanza aone halina kazi.

"Alisema: Anton atacheka."

Nimewadharau watu wengi maishani, na wengi walistahili. Siku ile nilijidharau mwenyewe, na sikupata hata raha ndogo ndani yake. Waya mpya ungeletwa kesho yake. Nikamwambia nitapanda mimi kwa mama. Akanitazama kama alivyokuwa akizitazama tafsiri zangu za Kilatini, akasema mama hunywa chai ya mnanaa saa mbili, na taa ya ukumbini isizimwe.

Nilifika saa kumi na mbili kasoro. Sikuwa nimekanyaga pale tangu Pasaka. Kwa dirisha la jikoni niliona vikombe viwili mezani, na kwenye benchi blanketi lililokunjwa vizuri. Mama alikuja mlangoni akishika ukuta, uso umechangamka, kisha akaona ni mimi.

"Edwin yuko wapi?"

"Gari lake bovu, mama. Nimekuja mimi."

Akachungulia nyuma yangu, barabara ilikuwa inaingia giza.

"Haya, ingia," akasema. "Lakini usinicheke."