Kijiko Alivyotupita

Nahodha alikuwa akipangusa kioo cha chumba cha usukani redio ilipokohoa na sauti ya mdogo wake ikaingia. Mdogo wake huyo, ambaye nyumbani walimwita Kijiko kwa kuonjaonja kila sufuria, aliendesha peke yake chombo cha anga cha mizigo kutoka migodi ya mwezi wa mbali.

"Dada, breki zimegoma tangu jana," alisema, kama mtu anayesema sukari imekwisha. "Kituo cha kutua nimeshakipita. Nitawapita na nyinyi baada ya dakika arobaini, na mbele yenu hakuna mtu."

Mume wa nahodha, fundi wa injini, alipiga hesabu. Akapiga tena. Shemeji yake alikuwa na kasi mara sita ya yao. Wangechoma mafuta yote wasimkaribie, na ya kuwarudisha yasingebaki. Alimsogezea mkewe karatasi.

"Mfuate," alisema mama yao, bibi aliyewazaa nahodha na Kijiko huko huko angani.

"Mama, hatumpati."

"Sikukuuliza kama tutampata."

Nahodha aliushika usukani. Mlangoni binti yake alisimama na soksi moja mguuni, akimtazama. Akauachia.

Walimwelekeza Kijiko kila walichokijua: zima, washa, gonga bomba, fungua valvu kwa mkono. Kila mara alijibu, "Nimefanya. Bado." Mwishowe bibi akamnyang'anya fundi kipaza sauti.

"Umekula?"

"Nimekula, mama."

"Muongo wewe."

Kijiko alicheka. "Mama, naogopa kidogo."

Bibi alikishika kipaza sauti kwa mikono miwili.

Kijiko alipita upande wa kushoto, nukta ya mwanga iliyovuka kioo kabla binti hajainua mkono kumpungia. Sauti yake ilibaki nao siku mbili, ikififia. Nahodha aliita vituo vyote. Vyote vilimpa pole, hakuna kilichokuwa na chombo cha kasi ile. Siku ya tatu redio ikawa mikwaruzo mitupu.

Bibi hakumsemesha bintiye njia nzima. Walipofika na kufunga chombo gatini, alisema tu, "Ungemfuata."

"Ndiyo, mama," nahodha alijibu, akashuka kusimamia upakuaji wa mzigo.