Feni Ndogo ya Chujio la Samaki

Asubuhi hiyo Mama Ndoo, msafishaji wa ofisi za kiwanda cha betri, alikuta maji ya tangi la samaki pale mapokezi yamekuwa kama uji mwembamba. Alipiga magoti, akafungua kabati la chini na kutega sikio kwenye chujio, ule mtungi mweusi unaovuta maji machafu na kuyarudisha yakiwa safi. Mtungi ulikuwa kimya. Alipoufungua, aliona feni yake ndogo ya kusukuma maji, isiyozidi kidole gumba, imekatika mapanga.

Meneja alipiga simu duka baada ya duka. Kote aliambiwa chujio la aina ile halitengenezwi tena, wala vipuri vyake.

"Mama, tafuta fundi yeyote," alisema. "Hawa watanifia."

"Nitatafuta, bosi. Na ile feni ya kutoa moshi kule kwenye tanuri? Mwanangu anakohoa mpaka anashika ukuta."

"Hiyo ipo kwenye mpango."

Ilikuwa kwenye mpango tangu enzi za marehemu mumewe, ambaye naye alikuwa akiyeyusha risasi, ile metali nzito ya betri, kwenye tanuri lile lile. Alikohoa, akakonda, akaondoka.

Getini hakikuruhusiwa kutoka chuma wala plastiki. Risasi ilikuwa ikiibwa, na mlinzi alipekua watu mpaka soksi. Kwa hiyo Mama Ndoo aliunga vipande vya ile feni, akaikandamiza kwenye mche wa sabuni hadi alama ikakaa vizuri, akatoka na sabuni yake. Sabuni hakuna aliyeikataza.

Mkereza vyuma wa mtaa wa nyuma alikuwa rafiki wa marehemu.

"Shemeji, leo umeniletea sabuni? Kwani nanuka kiasi hicho?"

"Unanuka, ila sikuja kwa hilo. Nichongee feni inayofanana na alama hii."

Alichonga kipande cha plastiki ngumu, akifuata alama kama ilivyolala, bila kukumbuka kwamba alama kwenye sabuni hugeuza kitu, kushoto kukawa kulia. Mapanga yakaelekea upande usio wao. Mama Ndoo naye hakuligundua hilo. Alirudi kiwandani, akaichomeka feni kwenye sumaku ya zamani inayoizungusha, akafunga mtungi, akasema, "Mungu wangu, kazi hii ni yako," akawasha.

Maji yalizunguka kinyume. Yakatakata mpaka ungedhani tangi ni tupu na samaki wanaelea hewani.

Wakati wa mapumziko mwanawe alikuja kuchukua chai, akakaa kwenye kiti kilicho karibu na tangi. Akakohoa kidogo. Kisha ukatoka mdomoni mwake uzi wa vumbi la kijivu, mwembamba kama moshi wa mshumaa uliozimwa, ukapenya kioo, ukashuka kwenye bomba la chujio. Samaki waliupisha.

"Mama, nasikia ubaridi mpaka mgongoni."

"Usizungumze. Maliza kwanza."

Mama Ndoo aliweka ufagio chini na kuinamisha kichwa, kama mtu anayesikiliza sauti iliyo chumba cha pili. Uzi ulipokatika, kijana alivuta pumzi ndefu, na pumzi ile haikukwama popote. Alikunywa chai yake yote akarudi kazini.

Mama akafungua mtungi. Sponji la kuchujia lilikuwa zito kama pasi. Vumbi lile alilijua. Alikuwa akilifua kwenye mashati ya marehemu.

Watu wa tanuri wakaanza kuja mmoja mmoja.

"Sogea bwana, umeshatoa kilo nzima, sasa unataka kutoa na utumbo?"

"Acha wivu. Hiki kifua kina vumbi la miaka, si kama chako cha juzi!"

Beseni alilokuwa akikamulia sponji lilipojaa vumbi, Mama Ndoo alilibeba mpaka mezani kwa meneja. Aliamini Mungu amemjibu maombi yake ya feni ya moshi.

"Bosi, hii imetoka vifuani mwao. Ndiyo iliyomzika mume wangu. Feni ya moshi itengenezwe."

Meneja alichota kidogo, akasugua vidoleni, akanusa.

"Hii ni risasi safi kabisa," alisema. "Kumbe inatoka getini kila siku, na mlinzi anapekua soksi."

Siku hiyo hiyo ikatolewa amri: hakuna wa tanuri kwenda nyumbani kabla ya kukaa mbele ya tangi. Vumbi lilirudishwa kwenye tanuri, likayeyushwa, likawa betri. Feni ya moshi ikaondolewa kwenye mpango, kwa kuwa haikuhitajika tena. Mwana wa Mama Ndoo, kwa sababu kifua chake kilikuwa safi kuliko vyote, alihamishiwa kwenye mdomo wa tanuri, ambako wengine walikuwa hawawezi kusimama.

Jioni alikuja na uso mweusi, akakaa kwenye kiti.

"Leo ni nyingi, mama."

"Naiona. Fungua mdomo."

Uzi ulitoka mnene kama kamba. Mama Ndoo alisimama nyuma yake, mkono begani mwake, akautazama ukipita ndani ya yale maji yasiyoonekana, na moyo wake ukanyenyekea kama siku ya kwanza. Akamshukuru Mungu kwa alichokitenda. Kisha akamwomba tena feni ya moshi.