Aliyeshika Mguu wa Ubao

Haya aliniambia Warigia, jirani yangu hapa Wamagana, wiki jana tukichambua maharagwe ya njahi. Yeye ndiye anawapikia wageni kule bwawani, kwa hivyo aliona kila kitu.

Wageni hao husimama juu ya ubao ulio na mguu mrefu wa chuma chini yake, mikononi wameshika bawa la kitambaa. Upepo ukivuta, ubao unainuka, unabaki ule mguu tu ndani ya maji. Nduta, msichana wa Ngugi, alitaka kazi ya kuwafundisha. Mwalimu Mbaabu, mtu wa Meru aliyejifunzia Pwani, alimwambia ataipata akiweza kuruka, azunguke mzima hewani na kutua amesimama. Mwisho ni Jumapili.

Kila akiruka, mkono ulitoka majini ukashika mguu wa ubao. Nduta akaanguka.

"Unageuka nusu kama chapati imesahaulika!" Mbaabu alimcheka. Kisha akauona mkono, akavua kofia. "Shosho, achilia mtoto. Ako kazini."

"Na mimi niko kwa kaburi," sauti ilijibu. "Mnanipita juu ya kichwa kutwa nzima."

Alikuwa mama yake Ngugi. Naye anaitwa Nduta. Msichana alipewa jina la nyanya yake, vile tunafanya. Kabla ya bwawa kujaa, makaburi yalihamishwa. Lakini yeye hakuwekewa simiti. Watoto walimpandia itoka, ua lile tunapanda mpakani. Wapimaji walikuwa watu wa huku huku. Walipoona itoka, wakasema huu ni mpaka wa shamba, wakapita. Maji yakafuata.

Ngugi alienda ofisini kuuliza mama atatolewa lini. Karani alimpa kiti, akamsikiliza vizuri.

"Mzee, makaburi tulimaliza. Aliye chini ya maji sasa ni wa idara ya samaki."

Watu wa samaki wakasema hawana mtu wa jina hilo.

Jumapili Nduta alikaa juu ya ubao, miguu majini. "Shosho, wamekataa. Na leo ndiyo siku yangu ya mwisho."

Shosho akamjibu. "Si wewe ni mimi? Nikikunyima nimejinyima. Ruka."

Akaruka. Shosho alishika mguu wa ubao, lakini hakuvuta. Aliusokota kama uzi wa kiondo. Nduta akazunguka mzima, akatua amesimama. Wageni wakapiga makofi, Warigia akarudi kugeuza viazi. Mbaabu alimpa Nduta kazi hapo hapo, aanze kesho yake.

Jioni Nduta alilala mapema, mikono ikimuuma. Ngugi alibaki ukingoni.

"Ofisi wamesema nini?" mama yake aliuliza.

"Bado, mami."

"Ati bado."

"Eeh. Na kesho wageni ni wengi. Jikunje kidogo, wasikugonge."

Ngugi akaenda nyumbani, akalala. Mama yake alijisogeza kwenye tope, akavuta magoti mpaka kifuani, akalala pia.